Canon 100mm ya makro, Tanga: samaki wa kupaka mchana, kinyonga usiku

Nianze na bei, maana kila nikiweka picha mtandaoni swali la kwanza huwa hilo. Lenzi ninayotumia ni ya makro, yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu: Canon EF 100mm f/2.8 Macro USM, ile isiyo na pete nyekundu mbele, na niliichukua ya mtumba kwa laki saba. Ilianza kuuzwa mwaka 2000, kwa hiyo utakayoikuta sokoni leo huenda imeshapita mikono kadhaa kabla ya yako. Hilo lisikutishe. La kutisha lipo, nitalifikia.

Mimi napiga picha za chakula hapa Tanga mjini. Wateja wangu ni wenye mikahawa ya ufukweni, wapishi wa shughuli, na kina mama wanaopokea oda kwa WhatsApp. Hao ndio wanaonilipia kodi ya nyumba. Siku nisiyo na kazi nabeba begi hilohilo, naingia mikokoni au napanda msitu wa Amani, milima ya Usambara, kutafuta vinyonga, na huko hakuna anayenirudishia hata nauli. Kwa hiyo namwandikia mtu wa aina yangu: mwenye uwezo wa lenzi moja ya maana, anayetaka impigie sahani na mdudu, tena nje, kwenye jua na upepo wa Pwani, si ndani ya studio yenye feni.

Kwa mtu huyo nasema chukua. Ila kuna mambo ya kujua kwanza.

Lenzi hii inakuza mpaka moja kwa moja (1:1), yaani kitu kinaingia kwenye sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachonasa picha, kwa ukubwa wake halisi. Kamera yangu ni Canon 700D, sensa yake ina upana wa milimita 22 hivi, kwa hiyo punje moja ya mchele inachukua karibu theluthi ya upana wa picha. Ukifika hapo, kutoka sensa hadi kwenye punje ni sentimita 31, na kutoka kioo cha mbele ni kama sentimita 15 tu. Hizo sentimita 15 zina maana kubwa kuliko maandishi yote yaliyo kwenye boksi. Ndizo zinazoamua kama kivuli chako kitaanguka kwenye chakula, na kama kaa atakuvumilia au atazama shimoni.

Kazi iliyonifanya niiamini ni ya samaki wa kupaka. Mama mmoja wa Chumbageni alinialika uani kwake, changu mkubwa yuko juu ya makaa ya vifuu, pembeni bakuli la tui zito lenye manjano, kitunguu saumu, pilipili na ukwaju. Anachovya brashi, anapaka, anageuza, anapaka tena. Tui likigusa ngozi ya moto linafanya vipovu, vipovu vinapasuka, na kingo zinakauka polepole mpaka zinakuwa kahawia. Simu inaona samaki wa njano basi. Kwenye lenzi hii nilipata mstari wa brashi uliobaki kwenye tui, chembe za pilipili zilizonasa kwenye mapezi, na tone moja limening'inia chini ya mkia likisubiri kudondokea makaa. Mama akanitazama nimerudi hadi ukutani, akauliza, "Mwanangu, mbona umesimama huko, kwani samaki anauma?"

Haumi, ila 100mm kwenye sensa ndogo kama yangu inakupa mtazamo finyu, kama wa lenzi ya 160mm. Ukitaka sahani nzima iingie, rudi nyuma mita moja na nusu. Ukitaka sinia la pilau la watu sita lipigwe kutoka juu, uwe karibu mita tatu juu yake, maana yake ngazi ya fundi rangi na mtu wa kuishika. Ndani ya mkahawa mdogo wa Ngamiani, meza nne na friji, utagonga ukuta kabla sahani haijaenea. Ndiyo maana nasema ni lenzi ya nje. Uani, bustanini, ufukweni Raskazone chini ya mkungu, inapumua. Kwa sinia na meza iliyopangwa mimi natumia ile 18-55 iliyokuja na kamera, na hakuna mteja aliyewahi kuuliza kwa nini.

Kuhusu tundu la lenzi linaloingiza mwanga: ukilifungua hadi f/2.8, nyuma yote inayeyuka na picha inavutia. Tatizo ni kwamba ukiwa karibu, kinachobaki wazi ni chembe moja ya pilipili na samaki mwenyewe amekuwa ukungu. Naona huko mtandaoni ndiyo mtindo, sahani nzima haionekani isipokuwa jani la kotimiri. Mteja wa Tanga hataki hayo. Anataka aone vipande ni vingapi na kachumbari imo au haimo, kwa sababu mnunuzi wake atauliza hayohayo. Chakula nakipiga tundu likiwa dogo, f/8, wakati mwingine f/11, na nyuma naiweka mbali, mita mbili tatu, ili iwe laini yenyewe.

Jua la saa sita halina dawa. Nafunga shuka jeupe kwenye kamba ya kuanikia nguo upande wa jua, mwanga unapita humo ukiwa mpole, na upande wa kivuli nasimamisha kifuniko cha sufuria ya alumini kurudisha mwanga kidogo. Saa kumi na nusu jioni huhitaji lolote kati ya hayo. Kusi likivuma, bandika jani la mgomba chini ya sahani kwa gundi ya karatasi, la sivyo litakufanyia kazi ya ziada.

Halafu ukipiga chakula nje, wageni huja. Kunguru wa hapa kwetu, hawa wenye shingo ya kijivu ambao mababu zao waliletwa Zanzibar miaka ya 1890, wanajua saa ya picha kuliko msaidizi wangu. Inzi siwataji. Lakini siku moja nilikuwa napiga juisi ya miwa kwa kijana mwenye mkokoteni, nyuki akatua kwenye ukingo wa glasi. Nikasogea hadi kioo kikawa kama shubiri moja kutoka kwake. Hakuondoka. Ulimi wake ukashuka, mwekundu mweusi, ukagusa povu, na manyoya ya shingoni yalikuwa na chavua ya mti mwingine kabisa. Kijana akasema, "Dada, hiyo futa, watu watasema juisi chafu." Nikaitoa kwenye za kwake. Yangu ninayo, na ni picha bora kuliko zote nilizopiga mkokotenini pale.

Hapo ndipo upande wa pili wa lenzi hii unapoanza, na kwa kweli ndio ulionifanya niipende.

Nenda mikokoni siku za bamvua, maji yanapotoka mbali. Tope linaachwa wazi na ndani ya dakika chache linajaa kaa wadogo, wale ambao dume ana gando moja kubwa jekundu au la machungwa. Lile kubwa ni la kutishia wenzake na kuita majike, halimsaidii kula hata kidogo. Jike ana mikono miwili midogo na anakula kwa yote miwili, zamu kwa zamu, anachota tope, anachuja kilicho na chakula mdomoni, kinachobaki anakitema kikiwa kidonge. Dume anakula kwa mkono mmoja. Ukilala kifudifudi na lenzi hii, viwiko kwenye gunia, unaona kabisa mkono mdogo ukipanda na kushuka wakati ule mkubwa umekaa tu kama mapambo. Kuna picha ninayo ambapo kidonge cha tope kiko katikati ya midomo, kinang'aa maji, na jicho moja limesimama wima juu ya kijiti chake linanitazama. Kwa ukubwa wa kaa hawa huhitaji kufika ukubwa halisi wa 1:1; nusu yake inatosha, na hiyo inakupa nafasi zaidi ya kutowatisha. Mtikiso wa ardhini na kivuli ndivyo vinavyowazamisha. Ukitulia, hutoka tena. Walio karibu nawe watachelewa, walio mbali watatangulia, na huna namna ya kuwaharakisha.

Watu wananishauri nimwage makombo ya wali ili wasogee. Sifanyi. Kaa hana shida na wali wangu, na picha ya kaa anayekula wali ni picha ya wali. Kwa kima ni mbaya zaidi, maana akishazoea ndizi ya mpiga picha anahamia kwenye begi la mtu mwingine, na mwisho wake anapigwa mawe.

Amani ni habari nyingine. Ukitoka Muheza na machungwa yake, barabara inapanda kwa kona hadi kwenye ukungu, na ghafla unahitaji sweta. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti pale mwaka 1902 wakapanda miti kutoka pembe zote za dunia. Hifadhi yenyewe ya mazingira asilia ilitangazwa mwaka 1997. Mbega na kima utawaona, lakini kwa lenzi hii watakuwa vidoadoa juu ya miti. Usihangaike nao. Tazama chini. Kwenye miamba yenye unyevu kuna ua la zambarau ambalo watu wa Ulaya wanalifuga madirishani, lile la Saintpaulia, lililochukuliwa Usambara mwaka 1892 na afisa wa Kijerumani aliyeliachia jina la ukoo wake. Limetulia, haliumi, na vinyweleo vya majani yake vitakuonyesha mara moja kama mkono wako unatikisika.

Mkono utatikisika. Lenzi hii haina kizuia mtikisiko, na ukiwa karibu kabisa inapoteza mwanga karibu hatua mbili, yaani inabaki kama robo, hata kama tundu umeliacha wazi. Msituni saa nne asubuhi pana giza la alfajiri. Kwenye 700D yangu nikipandisha ISO, yaani usikivu wa sensa kwa mwanga, kupita 1600 picha inaanza kuwa na mchanga. Kwa hiyo ama unabeba tripodi, ambayo mdudu hataisubiri, ama unatumia flashi ndogo. Mimi natumia flashi, nimeifunika kwa kipande cha dumu jeupe la maziwa ili mwanga utawanyike.

Usiku ndio wakati wa vinyonga. Lipa kiingilio, chukua mwongozaji wa kule kwao, maana macho yake yana thamani kuliko vifaa vyako. Mimi nilikuwa namulika matawi ya juu, yeye akamulika chini, kwenye mche usiofika gotini, akasema, "Huyo." Sikuona kitu. Ni vile vinyonga vidogo vya sakafu ya msitu, havizidi urefu wa kidole, mchana wamejifanya jani kavu na usiku wanapanda kijiti kulala. Wakilala rangi inapauka, na ndiyo inayomsaliti kwenye tochi. Alikuwa amekumbatia kijiti chake, mkia mfupi umejikunja, kope zimefumba na kuacha alama ndogo katikati. Nikapiga picha chache, f/11, fokasi ya mkono, kisha tukazima tochi tukaondoka. Mwongozaji hapendi mtu anayemulika usoni mpaka mnyama aamke, na mimi nimekubaliana naye. Shangazi yangu, kwa upande wake, hataki hata picha ya kinyonga ipite kwenye simu yake. Tumekubaliana pia.

Fokasi ya mkono niielezee kidogo, kwa sababu wengi wanainunua makro halafu wanalalamika kwamba fokasi inatafuta-tafuta bila kunasa. Makro zote ukizisogeza karibu na mwanga ni mdogo hutafuta. Zina safari ndefu ya kupita; hii inatoka sentimita 31 hadi mbali. Kwenye lenzi hii kuna swichi pembeni. Ukiiweka upande wa 0.48, fokasi haiendi karibu zaidi ya sentimita 48, na kwa chakula hapo ndipo inapokuwa ya haraka na ya kimya. Kwa mdudu, fokasi ya kamera yenyewe izime kabisa. Zungusha pete hadi ukubwa unaoutaka, kisha sogea wewe, mwili mzima, mbele na nyuma kidogo, na ubonyeze jicho la mdudu linapokuwa kali. Jicho likiwa wazi, miguu hata ikipotea hakuna atakayeuliza.

Kwa ndege, hapana. Chozi akiwa kwenye ua unaweza kubahatisha, mdiria juu ya mti wa mtego wa samaki ni nukta ya bluu. Ukipata safari ya Saadani, ambako mbuga inakutana na bahari, azima lenzi ya 300 au zaidi na hii iache kwa ajili ya chakula cha mchana.

Sasa lile la kutisha: fangasi. Pwani hii yetu ina unyevu mwaka mzima na kioo kilichofungiwa begini gizani kinaota. Duka moja Dar walinionyesha lenzi hiihii, nje inang'aa, imefutwa hadi inanukia. Nikaomba kuishika, nikatoa vifuniko vyote viwili, nikawasha tochi ya simu nyuma nikachungulia mbele kwa pembeni. Nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, kona nzima. Muuzaji akasema ni vumbi. Nikamshukuru nikaenda zangu. Vumbi kidogo ndani halidhuru picha, vinukta huwezi hata kuviona. Fangasi inakula tabaka jembamba lililopakwa kwenye kioo na haikomi kwa kusubiri. Jaribu pia fokasi kutoka mwisho hadi mwisho ukisikiliza, na piga picha ya ukuta mweupe kwa f/22 uone kama kuna madoa. Ukinunua kwa mtu wa mtandaoni, mkutane mchana, mahali pa wazi, na kamera yako mkononi.

Yangu inakaa kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na navibadilisha. Mchele uache jikoni, una vumbi lake. Nikitoka ufukweni naifuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu, kwa sababu mwili wake haujazibwa dhidi ya maji wala chumvi.

Dada yake mwenye pete nyekundu, EF 100mm f/2.8L Macro IS USM ya mwaka 2009, amezibwa, na ana kizuia mtikisiko kilichotengenezwa mahsusi kwa kazi ya karibu. Bei ya mtumba ni karibu mara mbili. Kama kazi yako kubwa ni msituni na hupendi flashi, jikaze umpate huyo. Kama kazi kubwa ni chakula, hela inayobaki inanunua flashi, tripodi na chakula chenyewe. Kioo cha hii ya zamani hakimwonei haya dada yake. Nimeziazima zote mbili kwa siku moja nikampigia mteja, naye akachagua picha za zote bila kujua. Mwenye kamera mpya za Canon za R, zenye mdomo tofauti wa lenzi, atumie adapta, inafanya kazi vizuri.

Na kama laki saba hazipo, kuna pete za kurefusha zinazokaa kati ya kamera na lenzi ya 50mm. Hazina kioo ndani, ni bei ndogo, na zinakufikisha nusu ya ukubwa halisi na zaidi. Utakuwa karibu mno na kaa, lakini vitumbua havikimbii.

Kofia ya kukinga jua, ET-67, haimo kwenye boksi la lenzi hii, inauzwa peke yake. Inunue hata ya kuiga. Mbele ya jiko la makaa inazuia tui lisirukie kioo, na ufukweni inakata jua la pembeni. Ila ukienda kwa kaa uivue, maana ni ndefu na itakula nusu ya zile sentimita 15.